Daftari la Madeni, Bahi

Bibi yangu Matika hakuwahi kuweka dole gumba.
Nianze na hilo, maana ukoo wetu
hupenda kuanzia kwenye ng'ombe.

Duka lilikuwa ng'ambo ya reli,
bati lake likilia kila jua lilipopanda.
Ndani mlikuwa na chumvi, kaniki, mafuta ya taa,
na Jivibai, mjane, nguo nyeupe pee
katika mji ambao vumbi haliheshimu nyeupe.
Wanaume walimwita Maharani, kwa kumcheka:
kiti chake cha enzi kilikuwa gunia la mtama.

Hakukasirika. Malkia wake alikuwa ukutani,
picha ya kalenda, mwaka umekwisha, uso umebaki,
na mvua iliponyesha (Bahi, si mara nyingi)
aliwasimulia wanawake waliojibanza barazani:
Malkia wa kwetu alikuwa na banda la tembo kumi na wawili.
Siku moja akaamuru watolewe.
Akafagiza. Akatandika mikeka. Akaita wasichana.
Wazee wakaja na hoja: tembo watalala wapi?
Akawajibu: Tembo ana ngozi.

Mimi nilisoma humo masika mawili, alisema,
harufu ya tembo bado imo ukutani.
Kisha nikaozwa, nikapakiwa melini kama jora.

Mwaka ule uwele ulikauka ukiwa kimo cha goti.
Wanawake wakaja kukopa, dole gumba mbele,
kama walivyozoezwa kwa bwana shauri.
Jivibai akafunika kidau cha wino.
"Kidole hakina jina.
Kidole hushikwa na mwingine, kikabonyezwa.
Andika, ndipo nipime."

Sechelela alimtukana yeye na mama yake, akaondoka.
Jioni akarudi.
Mwenye njaa unamwambia aandike!
Nami sitamtetea. Roho yake ilikuwa ngumu,
na mizani yake, bibi alikiri,
iliinama kidogo upande wa mwenye duka.
Lakini kibaba cha kwanza kilipopimwa usiku ule, kwa mwanga wa kandili,
jina lilikuwa limekaa kwenye mstari,
limepinda, la kwake.

Babu alipofariki, shemeji alileta karatasi:
mji na ng'ombe saba ni vyangu,
hili hapa dole la marehemu.
Hakuna aliyeuliza lilibonyezwa lini,
kabla ya sanda au baada.
Bibi akaomba daftari la Jivibai liletwe barazani:
tazameni, samli niliyouza mimi, ng'ombe niliowalipia mimi,
jina langu kila ukurasa.
Karani akaangua kicheko. Nyayo za kuku hizi!
Basi nipe mkaa, akasema Matika.
Akaandika juu ya meza. Akaandika tena. Tena.
Kuku yuleyule, nyayo zilezile.
Hakimu alicheka, kisha akaacha kucheka.

Ng'ombe wanne walirudi. Si saba.

Leo mimi nagonga mihuri ofisi ya ardhi, Dodoma,
hati baada ya hati, na bado vinakuja vidole.
Mwaka jana mjukuu wa Jivibai, mzee mwenye miwani ya kamba,
aliniletea daftari limefungwa kwa kaniki.
Nina shahada mbili ukutani.
Nililishika juu chini.

Sikujua. Nyumbani hakuna aliyejua.
Jivibai alifundisha herufi alizokuwa nazo,
zile za banda la tembo,
na bibi aliandika Kigujarati hadi kufa kwake
akidhani ndiyo maandishi ya dunia nzima.

Mzee akaweka ukucha: *Ma. Ti. Ka.*
Herufi tatu zimelalia kulia
kama uwele upepo wa Julai ukipita.
Na hapa chini? nikauliza.
Chumvi, vibaba viwili. Haijalipwa.

Nikafungua mkoba. Akatikisa kichwa,
akanisogezea kalamu,
akafunika kidau changu cha muhuri kwa kiganja.
Nikainama.
Ya kwanza nilikosea.